Taa ya Bangi na Mbuzi wa Posa

Enzi zetu kambi ya wakimbizi, mkoani Kigoma, mwalimu akitaka kujua nani amesoma jana usiku hakuangalia daftari, aliangalia matundu ya pua. Kibatari chetu kilikuwa kopo la maziwa lenye utambi wa tambara, na moshi wake haukuwa na pa kwenda ila vichwani mwetu. Asubuhi tunapangwa mstari, mwalimu anapita pua kwa pua. Mwenye masizi anaingia darasani, mwenye pua safi anasimama kando ajieleze. Ndipo tukajifunza kukwangua masizi kwenye sufuria na kujipaka kidogo kila tundu kabla ya kengele. Fideli, mdogo wangu, alikuwa bingwa wa kazi hiyo, ila siku moja alizidisha mkono akafika shuleni na masharubu. Alichapwa kwa kusoma na kwa kutosoma, yote kwa pamoja.

Mliokulia huko mnajua mafuta ya taa yalitoka wapi. Yalitoka tumboni. Ulipunguza mahindi ya njano ya mgao, ukayauza, ukapata kichupa cha mafuta, na Mama akakitunza kichupa hicho kuliko sisi. Kibatari kilikuwa kimoja kwa watu tisa, na watoto wa jirani wakija na madaftari yao hawafukuzwi, maana mwanga haupungui ukiangaliwa na wengi. Tulikaa duara, vichwa vimegusana, na kila wiki kulikuwa na harufu ya nywele za mtu zikiungua. Mama akitoka nje na kibatari, mnabaki gizani na tonge mkononi, na akirudi, dagaa wako wameshahamia sahani nyingine na kila mtu anatazama dari. Sheria yake ilikuwa swali moja: "Taa inamwakia nani?" Usipojibu upesi, anapuliza. Basi mnatoka nje kwenye mbalamwezi kucheza kombolela hadi miguu inakuwa myeupe kwa vumbi, na mkirudi mnanawa kwa maji ya kikombe kimoja, mguu kwa mguu, wa mwisho ananawa matope.

Na kwa kuwa sasa sote ni watu wazima, tuseme ukweli: bangi pia tuliijua. Ilijiotea nyuma ya vyoo. Hakuna aliyeimwagilia, mbuzi waliikanyaga, sungusungu walikuja kuing'oa kwa kelele nyingi, mvua ikinyesha mara moja imerudi imenawiri kuliko mchicha wetu. Mama alituonya tukiwa bado hatujui hata jina lake: "Nikikukuta karibu na ule mmea, utatafuta mama mwingine."

Leo mimi niko South End ya Louisville, nafunga maboksi ghalani. Mama anaishi na Fideli na Janina, kitindamimba wetu, kule Gahanna, pembeni ya Columbus. Huko Ohio sheria inamruhusu mtu mzima kuotesha miche michache ya bangi nyumbani kwake. Kwetu Kentucky bado. Basi Fideli, mtu mzima mwenye kipara kinachoanza, akaotesha besimenti, kile chumba cha chini ya nyumba. Mama alipomuuliza, akajibu kwamba ni halali kabisa. Mama akafikiri. "Serikali imekubali, sawa. Mungu bado hajasaini." Akaiacha hapo, akarefusha sala ya jioni, na jina la Fideli likawa linatajwa kabla ya wagonjwa.

Ndugu zangu, mngeiona hiyo bangi ya siku hizi. Imejengewa hema jeusi lenye zipu. Juu yake taa zinazowaka kama uwanja wa mpira, pembeni feni ya kuibembeleza, kipasha joto isishikwe na mafua, mashine ya kunyonya unyevu, na saa ya kuiamsha na kuilaza. Kitu kilichokuwa kinakanyagwa na mbuzi sasa kinalala pazuri kuliko mimi. Taa zile zilikula umeme mpaka nyumba nzima ikawa inaishi kwa ratiba ya mimea. Janina akiwasha maikrowevu wakati kipasha joto kinafanya kazi, umeme unakatika, na Fideli anateremka ngazi mbio kama mtoto amelia. Bili ikija, yeye ndiye anayeiwahi mlangoni. Nilimtembelea nikala ugali wa baridi ili bangi isisumbuliwe. Tunawasema watoto wetu kwamba wamedekezwa, hawawezi kulala bila feni wala kula bila simu, kumbe hata bangi ya huku ni hivyo hivyo.

Mama alivumilia yote hayo. Lakini Janina akapata mchumba, kijana wa nyumba nzuri, Mrundi mwenzetu wa Cheektowaga kule Buffalo, na siku ya posa ikapangwa Jumamosi. Hapo lazima niwaambie jambo. Mimi nilipoposwa kambini, wakwe walikula dengu za mgao chini ya turubai. Walikula kwa adabu, walishukuru, na Mama hajapona hadi leo. Kwa Janina aliapa. "Posa bila mbuzi ni mkutano tu," alisema. Wakanunuliwa mbuzi watatu shambani kwa mzungu mmoja nje ya mji, wakachinjwa, wakakatwa vizuri, wakajazwa kwenye friza kubwa besimenti pamoja na sombe, kisamvu chetu, na samaki. Kila tulipopigiana simu, salamu zilikuwa za mbuzi.

Jumatano Fideli akaenda Buffalo kuwachukua wazee wa bwana harusi, mashine zake akaziacha zijiendeshe. Ijumaa mchana nikawasili na ndizi zangu kutoka Louisville. Mama akanituma besimenti nilete mbuzi wa kwanza tuanze kumkatakata. Nilifika katikati ya ngazi, harufu ikanisimamisha. Sakafuni maji. Friza kimya. Hema la bangi nalo giza totoro.

Mama alishuka, akafunua friza, akafunga, akampigia Fideli aliyekuwa barabarani na wakwe. Aliweka sauti ya mama wa kanisa, ile ya upole inayotisha. "Fideli mwanangu, bangi yako imekunywa umeme wote wa friza. Mbuzi wa dada yako wameyeyuka. Furahi." Nikamsikia Fideli anajitetea, anaapa kwamba alipima kila waya, na nyuma yake mzee mmoja anauliza mbuzi wamefanya nini.

Ndipo nikaiona ekstensheni. Hema na friza vilitumia ekstensheni moja, na plagi yake haikuwa ukutani. Waya ulikuwa umekunjwa duara safi, umefungwa kwa kipande cha kitenge, umewekwa juu ya friza kama nguo iliyopigwa pasi. Ohio nzima kuna mtu mmoja tu anayekunja waya hivyo. Nikamwonyesha.

Mama aliuchukua ule waya. "Nilishuka Jumatano kuweka sombe," alisema. "Nikakuta taa inawaka, hakuna mtu. Nikauliza inamwakia nani."

"Ulimuuliza nani, Mama?"

"Niliuliza. Hakuna aliyejibu."

Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Kisha nikaona hacheki. Amekaa kwenye ngazi, kitambaa cha kichwa mkononi, machozi yanamtoka. "Wakwe watakula dengu tena, Konsolata. Mara ya pili. Watasema nyumba ile haina nyama." Kicheko kiliniisha. Nikakaa ngazini kando yake.

Janina ndiye aliyetuokoa, maana bibi arusi mwenye njaa ana akili nyingi. Akatia mikono kwenye friza, akakuta nyama katikati bado ni barafu. Samaki walikuwa wameshaaga dunia, tukawatupa, ila mbuzi walikuwa wazima na sombe nayo haikuwa na neno. Akasema, "Basi niposwe leo." Akampigia mchumba wake, mchumba akawaambia wazee, wazee wakawaza maili kadhaa, wakasema wanakuja moja kwa moja. Akina mama wa kwaya wakaitwa, kila mmoja akaja na sufuria yake na maoni yake kuhusu vitunguu. Tukawasha mkaa uani, jirani mzungu akachungulia mara mbili, tukampa mshikaki akatulia.

Wakwe walishuka saa moja jioni. Msemaji wao, mzee mmoja mrefu, suti yake ilikuwa chini ya mizigo yote, akafanikiwa kuchomoa koti peke yake. Akasimama mbele yetu na koti la heshima, suruali ya mazoezi na ndala. "Tumeambiwa mbuzi hawasubiri," alisema. "Kijana wetu naye hasubiri. Tumeona tuwahi vyote viwili." Mama akacheka kwa mara ya kwanza siku ile. Watu walikula, wakarudia, wakanyonya mifupa. Mzee yule alimwambia Mama kwamba hajala mbuzi wa namna hii tangu aje Amerika, na nikamwona Mama mabega yanashuka. Zile dengu zangu zilikuwa zimelipwa.

Fideli alikuwa ameshuka besimenti, akarudi anajikuna kipara. "Haijafa hata moja," aliniambia. "Zimekaa gizani siku zote hizo, zinaonekana kama zimepumzika."

Mama alikuwa anampakulia. Akauliza, bila ukali safari hii, "Lakini kwa nini, mwanangu? Kitu kinachojiotea nyuma ya choo, unakipa umeme wote huo kwa nini?"

Fideli akatazama sahani. "Silali, Mama. Tangu nianze shifti za usiku. Ile inanisaidia kufumba macho."

"Tangu lini?"

"Miaka."

Mama akaweka upawa chini.

Kambini tulilala tisa chumba kimoja, na kibatari kikishazimwa Mama alijua nani amekohoa, nani amelala na njaa, nani analia amejifunika shuka. Gahanna kila mtu ana chumba chake, taa yake na mlango wake, na tunasema tumeendelea. Mama alilala ukuta kwa ukuta na mwanawe asiyelala, na hakujua. Mimi niko mji mwingine kabisa, ningejuaje? Nimewacheka vijana weee, na simu zao na mafeni yao, na huyu ni wa umri wetu, tuliyejipaka naye masizi.

Siku hizi nikimpigia Mama haanzi na hali ya hewa, wala habari za Janina kule Buffalo. Kabla sijamaliza shikamoo ananiambia leo Fideli amelala, au leo hakulala.