Siku Mjomba Alipotutembeza Mjini

Jumapili, mwezi wa Tano. Mvua tangu alfajiri, ikakatika tulipokuwa tukitoka, jua likawaka na joto la mvuke.

Leo nimewapandisha wanangu treni mpya ya abiria, hii inayotoka Miritini tunakokaa mpaka kisiwani. Mjomba, kakake marehemu mama yangu, akasema naye aja. Treni ilipoanza kwenda alitia mkono mfukoni mwa kanzu, akatoa karatasi ya mabuyu, akawagawia watoto. Ile harufu ya iliki na sukari iliponifikia, hasira ilinipanda mpaka masikio yakawa moto. Watoto wakitoleana ndimi nyekundu, mimi nimegeukia dirishani kama ninayetazama maji ya Makupa.

Sijui kama nitayaandika haya sawasawa, maana nilisoma mpaka darasa la nane tu. Nitajaribu nisimwonee mtu.

Nilikuwa na miaka kama tisa. Mama alishafariki, nikilelewa na Nyanya, mamake, pale Majengo, katika nyumba ya udongo aliyojengewa na babu. Nyumba ilikuwa yetu, ardhi si yetu. Ndivyo wengi waishivyo huku: ukuta ni wako, chini pana mwenyewe. Asubuhi moja Mjomba alikuja na kanzu iliyopigwa pasi. "Mama, leo nawatembeza mjini. Usipike."

Nyanya alicheka, kwani Mjomba hakuwa mtu wa kutembeza watu. "Umeota nini wewe?"

"Nimeota mamangu kavaa buibui jipya."

Mkewe, mkaza mjomba wangu, alikuja naye, lakini akasema kichwa chamuuma, atabaki atulindie nyumba. Tukiwa mlangoni Mjomba akarudi ndani, akaiangua picha ya babu ukutani, akanipa niibebe. Eti tukaitie kioo kipya.

Niwaambie kweli, nyinyi mnaosoma: ilikuwa siku nzuri kuliko zote za utoto wangu. Vichochoro vya Mji wa Kale vilikuwa na ubaridi wa mawe, udi ukinukia madirishani, muuza kahawa akigonga vikombe vyake. Tulikula viazi karai kwa ukwaju, nikajimwagia. Mjomba akaninunulia mabuyu, na nilipochoka akanibeba mabegani pamoja na ile picha. "Punda wangu kabeba watu wawili," Nyanya akasema. Kila aliposema turudi, Mjomba alinitazama mimi kwanza. "Mtoto hajaona Ngomeni, mama." Nami nikadakia: bado, Nyanya, bado.

Tuliporudi, nyumba haikuwapo. Palikuwa na vumbi, vijana wakipakia mabati yetu mkokotenini, na mkaza mjomba amekaa juu ya kitanda cha Nyanya katikati ya njia, masufuria kando yake. Kichwa hakikuwa kikimuuma. Nyanya hakupiga ukelele. Alitazama pale palipokuwa na ukuta, kisha akaitazama picha mikononi mwangu, kisha akamgeukia mwanawe.

"Ulijua," akasema. Basi.

Tulihamia uani kwa Mjomba. Nyanya alimwitikia salamu, akawauguza watoto wa Mjomba wakiumwa, lakini hakutia mdomoni chakula cha nyumba ile mpaka tulipomzika. Alipika kwenye jiko lake, kwa sufuria yake ndogo. Mimi nilimwona ana kiburi, maana wali wa mkaza mjomba ulikuwa mtamu na sisi twala maharagwe.

Haki yake Mjomba niiseme. Mwenye ardhi alikuwa ameshauza, na kwingine walivunjiwa wakiwa ndani. Huenda hakutaka mamake azione kuta za mumewe zikianguka. Vitu vyote vilitolewa, hata kikombe hakikuvunjika. Na picha aliikumbuka. Nikiyapanga hivi, hasira yangu naiona ndogo, najiuliza kama nimemchukia bure. Kisha nasema: aliyeikumbuka picha alikuwa na nafasi ya kusema. Nyanya alinyimwa kuiaga nyumba yake. Alinyimwa kusema hapana, hata kama hapana yake isingezuia kitu. Na sauti iliyotumika kumchelewesha ilikuwa yangu. Sina siku nyingine nzuri kama ile, na hata ile si yangu.

Leo tulishuka kituoni tukatembea hadi Majengo. Nikasimama pale petu, sasa pana jumba la ghorofa. Swaleh, mwanangu mdogo, akauliza nani alikuwa akikaa pale.

"Nyanyake mamako," Mjomba akajibu. "Nyumba ilimchosha, akaja kukaa kwangu." Aliyasema polepole, na nadhani siku hizi anayaamini.

"Haikumchosha, Mjomba," nikasema. "Ilivunjwa sisi tuko Ngomeni twala mabuyu."

"Mwanaisha. Mbele ya watoto?"

"Wao ndio waliouliza."

Swaleh aliacha kutafuna. "Babu, wewe ulijua?"

Mjomba alilitazama lile jumba. Nilidhani atakasirika. "Nilijua," akasema, na sauti yake ilikuwa ya mzee sana.

Tulirudi kwa treni. Karatasi ya mabuyu ilibaki mapajani mwa Mjomba, haikuguswa.

Jioni nimepika wali wa nazi na mchuzi wa papa. Mjomba alikaa ukingoni mwa mkeka, hakunyoosha mkono. Nyanya asingekula naye, na sasa najua kwa nini. Mimi hasira bado ninayo. Nikamsogezea sinia, tukala wote.