"Bibi, naomba nikupige"

Jamani wapiga picha wenzangu, leo nimempiga mtu picha kwa mara ya kwanza.

Mnanijua. Wiki tatu nazunguka Kivinje na kamera, napiga milango tu, maana milango haigombi.

Asubuhi nikamwona bibi mmoja anachoma vitumbua barazani. Nikajikaza.

"Shikamoo bibi. Naomba nikupige."

Neno "picha" likagoma kutoka. Woga huo!

Akaacha kugeuza vitumbua. "Marahaba. Unipige kwa kosa gani?"

Nikamwonyesha kamera. Nilidhani atacheka. Hakucheka.

"Babu yangu Wajerumani walimpiga picha hapa hapa Kivinje, wakati wa Maji Maji, mnyororo shingoni. Halafu wakamnyonga. Hata jina hawakumuuliza."

Nikashusha kamera, nikageuka niondoke.

"Unakwenda wapi? Si uniulize?"

Nikamuuliza. Akanitajia jina lake, la baba yake, na la babu yake, polepole, mpaka nikayarudia yote. Kisha akaweka mtandio vizuri, akanyoosha shingo.

"Haya, sasa piga."

Picha yenyewe siiweki hapa. Ila niambieni, wale mliowapiga ninyi, majina yao mnayajua?