Ijumaa Niliyokuwa Msimamizi wa Walinzi

Hotelini ninapofanya kazi, huko mtaa wa The Pearl, kuna kijichumba cha kung'arishia viatu vya wageni. Nikipita pale na mzigo wangu wa mashuka, harufu ya rangi ya viatu hunichekesha peke yangu. Wenzangu hudhani nimechoka. Ninyi nawaambia ukweli: kwangu mimi, hiyo ni harufu ya ndevu za Baba.

Baba, mtu wa Tanga, aliendesha basi la shule hapa Doha. Ijumaa, baada ya swala, alikuwa mtunzi wa michezo ya kuigiza, mwigizaji mkuu na mwenye kundi, vyote mtu mmoja. Watu walimwita Meneja. Aliandika kwenye madaftari yaliyobaki kurasa, akajichorea ndevu kwa rangi ya viatu, na kwa joto la hapa, kabla mchezo haujafika katikati, ndevu zilikuwa zimeshamshuka kifuani. Sehemu zote nzuri alijipa mwenyewe. Kuna mwaka alikuwa bwana harusi na baba mkwe pia, akajipigia magoti kuomba posa, kisha akainuka haraka kujikubalia.

Jukwaa letu lilikuwa ua wa nyumba moja kule Al Wukair walikoishi walinzi wa kampuni fulani, wengi wao Wakenya na Waganda. Nilipokuwa na miaka tisa Baba alitunga mchezo wa mlinzi anayesimama mlangoni kwa saa kumi na mbili mfululizo, anaomba kiti, na mwishoni anapewa. Baba alitaka awe yeye mlinzi. Otieno, mlinzi wa kweli kutoka Kisumu, akakataa.

"Meneja, wewe kazi yako ni kukaa," alisema. "Unakaa kwa basi mpaka kiti kinakujua jina. Sasa utatufunza kusimama aje?"

Watu wakacheka, Baba akanuna, halafu kwa mara ya kwanza maishani mwake akaachia sehemu kubwa.

Ikabaki sehemu ya msimamizi. Hapo ghafla ua mzima ukashikwa na mafua. Huyu koo linamuuma, yule kasahau kusoma. Msimamizi wao wa kweli ndiye aliyependekeza nani aongezewe mkataba na nani arudishwe kwao, sasa nani angethubutu kumwigiza?

"Mpeni Rehema," Otieno akasema. "Mtoto hana mkataba."

Basi nikavishwa koti la Baba, likanifika magotini, nikapewa na filimbi. Cheo kile nilikipenda jamani. Wiki nzima nilivipanga foleni hata vikombe vya Mama, na kilichopinda nilikikaripia.

Siku yenyewe, msimamizi akaja. Alikuwa Mswahili mwenzetu, mpole wa maneno, na boksi la tende mkononi. Akamvuta Baba pembeni, nami nilikuwa papo hapo nikifungwa vifungo.

"Mchezo mzuri, ndugu yangu," alisema. "Ila mwishoni mlinzi aombe msamaha, aendelee kusimama. Otieno wako mkataba unaisha mwezi huu."

Alipokwenda kukaa, Baba alimwita Otieno, wakanong'ona. Kisha akanichuchumalia. "Mwishoni useme, 'Simama, omba msamaha.' Umesikia, mama?" Sauti ilikuwa ndogo, si ya Meneja. Nilimwona mwoga, nikaona aibu kuvaa koti lake.

Mwisho ukafika. Otieno alisimama mbele yangu na sare aliyotoka nayo kazini, miguu imemvimba juu ya soksi, kichwa chini. Nikapuliza filimbi.

"Kiti hicho hapo," nikasema. "Kaa."

Hakukaa. Otieno alinitazama, akageuka akamtazama msimamizi, bila haraka, kama mtu anayesoma tangazo ukutani. Akavuta kiti, akakaa. Kisha akafungua kamba za viatu, kimoja halafu cha pili, jambo ambalo Baba hakuliandika popote.

Msimamizi aliondoka bila kuaga na tende akazisahau. Tulizila. Mwezi haukuisha, Otieno akarudishwa Kisumu, na ule ua tukafungiwa. Ijumaa iliyofuata Baba alicheza mchezo uleule kwenye maegesho ya mabasi, na mwishoni mlinzi akapewa kiti kama alivyoandika mwanzo, hata neno halikuguswa.

Miaka mingi nilijisifu kwamba siku ile mimi ndiye niliyegoma. Mpaka nilipotia sahihi mkataba wangu mwenyewe, ndipo nikajua: mimi sikuhatarisha kitu. Neno nilisema mimi, ndege akapanda mwingine. Na Baba niliyemwita mwoga moyoni alikuwa akilinda kazi ya mtu, si yake.

Nililia. Nikamtafuta Otieno kwa simu, nikamwomba msamaha kwa neno lile. Alicheka mpaka akakohoa.

"Kumbe umebeba hiyo kitu miaka yote?" alisema. "Mimi niliamua nitakaa nikiwa bado kwa gari natoka kazi, hata kabla Meneja aninong'oneze. Hata ungesema nisimame, Rehema, ningekaa."