Kilima cha Kukaa

Katika ukoo wetu wa kijijini Maguu, mimi ndiye wa kwanza kurudi na diploma, tena ya fiziotherapia, niliyojilipia kwa kusukuma mikokoteni Dar. Chumba changu cha mazoezi hapa Mbinga mjini nimekijenga mwenyewe, na ndani yake kuna baiskeli isiyokwenda popote. Watu waliicheka. Siku babu yangu alipoihitaji, kicheko kiliisha.

Mshipa mkubwa wa damu tumboni mwake ulikuwa umevimba kama tyubu inayochungulia kwenye tairi lililochakaa. Ukipasuka, hakuna hospitali ya kuwahi. Daktari wa upasuaji wa jijini alikuwa tayari kuutengeneza, lakini upasuaji wenyewe ni mzigo: moyo na mapafu hufanya kazi kama ya mtu anayepanda mlima. Akataka kwanza babu apimwe akiendesha baiskeli, tuone kama pumzi zinatosha. Zisipotosha, kisu kingeweza kumwahi kabla ya uvimbe. Daktari wa hapa Mbinga akaja kusimamia, akambandika nyaya kifuani.

Babu aliingia na mkongojo. Mzee huyu kila asubuhi hupanda kwenye ngolo zake, yale mashamba ya mashimo ya mlimani, jembe begani. Mkongojo alikuwa ameuazima. Nilipompa shikamoo, aliitikia kwa sauti ya mtu anayeaga dunia. Akapanda baiskeli, akanyonga kidogo, akafumba macho, akaomba ashushwe.

Daktari alitazama vipimo akatikisa kichwa. Kwa pumzi hizi, alisema, hakuna atakayethubutu kumpasua.

Babu akanikonyeza. Nilipomvuta pembeni, alinieleza kwa fahari kwamba hospitali anazijua kuliko mimi na diploma yangu: mgonjwa anayetembea wima huambiwa arudi wiki ijayo, anayelegea hupitishwa mbele. Nikamwambia kwamba hapa ni kinyume, anayelegea ndiye anayerudishwa nyumbani. Akacheka. Alidhani namtania, kwa kuwa tangu utotoni namwita bibi mke wangu na yeye mume mwenzangu.

Basi nikautumia utani huohuo. Nikamgeukia bibi aliyekaa kwenye benchi, nikamwambia afungashe vitu vyake, mume aliyebaki ni mimi.

Bibi ni Mnyasa wa Chiwanda. Hakucheka.

"Niliacha ziwa na samaki wake nikamfuata mtu wa milimani," alisema taratibu, akiitazama baiskeli. "Kama hata kilima cha kukaa kimemshinda, nirudi kwetu."

Babu aliegemeza mkongojo ukutani, akauliza kama mtihani unarudiwa. Daktari akampumzisha kwanza, kisha akamruhusu. Safari hii alinyonga kweli. Mimi nikiongeza ugumu kidogo kidogo, daktari akiangalia presha, babu jasho likimtiririka na macho hayabanduki kwa bibi. Daktari alipoona panatosha, akamwambia aache.

"Bado sijafika juu," babu akasema akihema.

Daktari akapiga simu jijini palepale, akajibiwa kwamba mgonjwa apelekwe.

Siku ya safari, pale stendi, babu aliniita kando ya basi. "Mke nakuachia," aliniambia. "Kiti changu usikikalie."

Sikukikalia. Anakikalia mwenyewe, na kovu refu tumboni analowaonyesha wageni hata wasioliulizia. Mimi nikifika Maguu, na diploma yangu, napewa kigoda.