Inzi Wasiopata Kipaimara

Elius wa Makambako alipewa jina kanisani, mbele ya Mungu na watu, na siyo lile la ubatizo.

Ilikuwa Jumapili, ibada ya pili. Kwaya ya vijana imesimama, yeye kashika maiki kwa sababu sehemu ya kuimba peke yake ni ya kwake. Akafika kwenye sauti ya juu kabisa, ile ya kufunga macho na kukunja sura kama mtu anayekunywa mwarobaini. Mdomo wazi, upana wa mlango wa gereji. Inzi naye, mtoto wa watu, akaona mlango uko wazi. Akaingia.

Wimbo ukakatika. Elius akafumbua macho, usharika mzima unamwangalia: atatema au? Kutema pale mbele ya madhabahu haiwezekani. Akafanya ambacho kijana aliyelelewa vizuri angefanya. Koo likapanda, likashuka, na maiki ikaubeba ule mlio wote mpaka spika za nje.

Bibi mmoja wa benchi la mbele, ambaye miaka yote husema masikio yake hayafanyi kazi, akatangaza kwa sauti: "Kameza!"

Yangeweza kuishia hapo, ila wapi. Lenard, mwimba besi na rafiki yake wa chanda na pete, alikuwa anarekodi. Kabla sadaka haijakusanywa video iko kwenye grupu la vijana, kabla ya chakula cha mchana imeshakuwa stika. Mtu akiuliza nani kala chapati zake, anatupiwa uso wa Elius. Jumatatu fundi baiskeli, ambaye hata hasali kanisa lile, anamsalimia, "Kameza, umeamkaje!" Na jina la utani ukilikataa ndo linanenepa. Akaacha.

Kilichomuuma siyo jina. Ni kwamba kila mtu aliamini yule inzi ni wa kwake, katoka naye nyumbani kama mtu anayekuja kanisani na familia.

Elius anafuga nguruwe nyuma ya nyumba aliyoachiwa na marehemu baba yake, upande wa juu wa reli. Makambako inavyopenda kitimoto mnaijua wenyewe. Biashara ilikuwa inasimama vizuri, na jike lake kubwa, anaitwa Malkia, alikuwa na mimba tumbo linaburuza chini. Tatizo ni kwamba palipo nguruwe pana samadi, na palipo samadi pana wale jamaa wenye mabawa. Wakitoka kwa Elius hawakai kwa Elius. Wanapita kwenye uzio wa mabanzi, wanaenda kwa jirani, Mama Jasmine. Chai ya Mama Jasmine ilikuwa inaingia inzi kabla haijaingia sukari.

Mama Jasmine siyo mtu wa kunung'unika chini chini. Alimburuza Elius mpaka kwa mwenyekiti wa mtaa, Mzee Hosea.

"Kamwene," Mzee Hosea akasalimia Kibena chake, wakaitikia, wakakaa.

"Mwenyekiti, mwanangu Jasmine anapata kipaimara mwezi wa kumi na mbili," mama akaanza. "Nimealika ndugu kutoka Bulongwa, kutoka Ikonda, mchungaji mwenyewe atakuja. Niwaambie nini? Karibuni chakula, inzi wameshatuonjea?"

"Mama, lakini mimi dawa nimepiga," Elius akajitetea.

"Umepiga, ndiyo! Wanakufa Jumatatu, Alhamisi wamefufuka. Inzi wako wana Pasaka kila wiki!"

Mzee Hosea akaficha kicheko kwenye kikohozi. Na kusema kweli mama hakuongopa. Elius alikuwa amepuliza sumu kali mara kibao. Kila mara inzi walidondoka kama mvua, akapiga picha, akaweka status, "Kazi imeisha." Kazi haikuwahi kuisha hata mara moja.

"Sikia kijana," mwenyekiti akasema. "Siku ya sherehe ya mama huyu, inzi wakiwa hivi hivi, nguruwe watatoka mtaani. Mpaka hapo nakupa nafasi."

Nguruwe watoke waende wapi? Shamba la ukoo liko Kichiwa na baba zake wadogo walishaligawana zamani. Wakitoka ni kuwauza wote, Malkia na mimba yake, halafu arudi kupakia mbao kwenye malori, kazi iliyompa maumivu ya mgongo akiwa bado kijana. Usiku ule hata kwenye grupu hakuonekana.

Kesho yake akapanda gari kwenda Njombe. Kuna duka la dawa za mifugo ambalo huwa ananunua madini ya chuma ya kuwachoma sindano watoto wa nguruwe, na anayeuza pale ni Scolastika, binti wa Ludewa aliyesomea afya ya mifugo. Baridi ya Njombe imembana, lakini Elius kaingia kifua mbele.

"Dada, nipe sumu kali kuliko zote ulizonazo."

"Unataka kuua inzi au unataka kuua mtaa?"

Kifua kikarudi ndani. Akamweleza yote, akaruka ile ya kanisani. Scolastika akamsikiliza, kisha akauliza, "Shuleni si mlifundishwa? Yai, lava, pupa, mdudu kamili."

"Nilifundishwa, nikafaulu, nikasahau."

"Sasa wewe kutwa unapigana na mdudu kamili. Hao wachache. Jeshi lenyewe liko kwenye samadi, ni funza. Na funza mwilini ana homoni inayomwambia 'wewe bado mtoto, kula tu.' Wakati ukifika ile homoni inapungua, ndo mwili unajua sasa ni kukua." Akashusha mfuko mdogo kutoka kabatini. "Hii inaiga ile homoni ya utoto. Wakati wa kukua umefika, mwili bado unaambiwa 'mtoto wewe, tulia.' Anaingia kwenye pupa, anakwama humo humo. Inzi hatoki."

Elius akafikiri. "Yani kama mtoto wa darasa la kipaimara ambaye kila mwaka mchungaji anamwambia rudia."

Scolastika alicheka mpaka mteja mwingine akageuka. "Hapo hapo! Inzi asiyepata kipaimara. Haruki, hazai, hana habari."

Kisha akawa siriasi. Wanaoruka sasa hivi dawa haiwagusi, hao wamalize maisha yao. Elius ataendelea kuona funza wanacheza, asipaniki. Asipulize ile sumu kali juu ya dawa hii, kwa sababu kwenye samadi kuna vijidudu vinavyokula mayai na funza wa inzi, na sumu inavimaliza navyo. Avae glovu, dawa iende kwenye samadi, isiguse chakula wala nguruwe. Jina la dawa lilikuwa refu, pairiproksifeni. Elius akajaribu kulitamka, ulimi ukapiga mweleka, akaamua kuiita chengachenga kwa sababu ndivyo ilivyo, punje ndogo ndogo. Akaomba na namba ya simu. Ya maswali ya kitaalamu, alisema. Sawa, tumeelewa.

Akarudi, akazoa samadi, iliyobaki kwenye kingo na kwenye lundo akanyunyizia. Halafu ikaja sehemu ngumu: kusubiri. Kwetu dawa ni maiti. Ukipiga asubuhi, mchana unataka ufagie mizoga kwa koleo, ndo unasema hii dawa. Chengachenga hazikuacha hata mzoga mmoja.

Mama Jasmine akaja na kijiti, akafukua lundo.

"Kameza! Njoo hapa. Hawa ni nini?"

"Funza, mama."

"Wako hai?"

"Wako hai."

"Wananenepa?"

Elius akameza mate. "Wananenepa, ndiyo."

"Sasa umewapa dawa au umewapa uji?"

Kufika jioni Lenard kashatangaza kwenye grupu: "Kameza kafungua kliniki ya watoto wachanga wa inzi. Leteni na nguo za kuwafunika, upepo ni mkali." Stika zikamwagika. Bibi yule wa benchi la mbele hana simu, ila habari alizipata.

Kilichofuata hakikuwa utani. Asubuhi moja Mama Jasmine akatokea na mtu wa kupuliza, tanki mgongoni, pua imefungwa kitambaa. "Nimemlipa mimi. Fungua banda."

Elius akasimama mlangoni. Hapo ndo jamaa alipoonyesha msimamo. Angefungua, mama angepoa, na yeye angeponea kwa wiki moja. Lakini wiki moja tu.

"Shikamoo mama. Siwezi. Ukipuliza leo hatutajua kama yangu imefanya kazi, na wakifufuka tena nitajitetea na nini?"

"Basi siku ikifika usije ukalia."

"Nitalia kwangu, mama."

Akaondoka na mtu wake. Elius akachukua kopo tupu. Akaingia kwenye lundo akatafuta pupa, vile vijiganda vya kahawia, akavitenga kwenye kopo. Siku zikapita, havikufunguka. Akapasua kimoja: ndani kuna kiumbe kimeanza kuwa inzi kikaishia njiani. Akaruka juu kama kafunga goli. Kutua tu, inzi akatua kwenye pua yake.

Akampigia Scolastika, na safari hii swali lilikuwa la kitaalamu kweli. "Pupa hazifunguki, lakini inzi bado wapo!"

"Kama kwako wamekwama, hao wanatoka kwingine. Chungulia jirani kuna nini kina unyevu."

Akachungulia kwenye mabanzi. Jamani. Mama Jasmine alikuwa anakuza kuku wa nyama wa sherehe, banda zima limejaa. Vyombo vya maji vinavuja, na mbolea yote inatupwa nyuma ya jiko, lundo bichi linalong'aa. Ukiliangalia vizuri, linatembea. Mtaa mzima ulikuwa unalaumu nguruwe kwa sababu nguruwe ana sura ya kulaumiwa. Kuku nani amshuku?

Sasa mama mtu mzima utamwambiaje kwamba inzi ni wake? Elius hakumwambia. Alikwenda kwa Mzee Hosea na chupa mbili za jamu, akaomba mwenyekiti mwenyewe akaokote pupa: chupa moja kutoka lundo la nguruwe, nyingine kutoka lundo la kuku. Mama akashuhudia akiwa kashika kiuno.

"Kuku wangu wanakula chakula cha dukani," alisema. "Hawana shida hiyo."

"Basi mama hakuna neno, tuangalie tu," mwenyekiti akamjibu. Akafunga midomo ya chupa kwa vipande vya chandarua, akaziweka sebuleni kwake, juu ya kabati, pembeni ya picha ya harusi yake. Mke wake akasusa kuingia sebuleni. Mzee akawa anapelekewa chai nje, kwenye upepo, na hakurudi nyuma. Watu wakaanza kupita pale kwa visingizio, huyu anaomba chumvi, yule anauliza mkutano ni lini. Wote macho yako kabatini.

Halafu Jumamosi asubuhi mwenyekiti akaita watu. Chupa ya kuku ilikuwa inavuma kama redio isiyoshika stesheni. Inzi wapya, wanang'aa, wamejaa mpaka chandarua kinacheza. Chupa ya nguruwe, kimya. Mzee Hosea akaitikisa, pupa zikalia kacha kacha kama njegere kavu. Akaitikisa tena, labda wamelala. Kacha kacha.

Mama Jasmine akasogeza uso kwenye ile chupa inayovuma. "Hawa wa kwangu?"

"Wa kwako, mama," mwenyekiti akasema.

"Wote?"

"Wote."

Kimya kilichoingia pale, ungesikia inzi. Na walisikika kweli. Lenard alikuwa ameshanyanyua simu arekodi, Elius akaishusha kwa mkono. Angeweza kucheka, haki alikuwa nayo na zaidi. Akasema tu, "Mama, chengachenga zimebaki nyumbani. Twende tukanyunyize, na yale maji yanayovuja nitakutengenezea leo leo."

Mama akamtazama. "Twende, mwanangu."

Wakazoa pamoja, wakaanika mbolea juani, wakanyunyiza. Kabla ya siku kubwa inzi wazee walishajifia kwa umri, na wa kurithi hawakupatikana.

Siku ya kipaimara Jasmine alipendeza, turubai likajaa. Ndugu wa Bulongwa walikula pilau mikono yote miwili ikiwa kazini, hakuna wa kupunga. Mezani kulikuwa na kuku na kulikuwa na kitimoto, na nguruwe huyo Mama Jasmine alimnunua kwa Elius, bila kuomba kupunguziwa. Zawadi zilipoisha akachukua maiki.

"Namshukuru mchungaji amewapa watoto wetu kipaimara," alisema. "Na namshukuru kijana wangu Elius, amewanyima inzi."

Vigelegele vilivyotoka hapo vilifika stesheni. Wanakwaya wakambeba Elius juu juu, mchungaji akawa anacheka mpaka miwani inaloa, na Mzee Hosea akasimama akasema kwa kifupi: nguruwe wanabaki. Tena kuanzia Jumatatu kila mwenye mifugo mtaani apitiwe na Elius afundishwe. Kumbe wiki ile Malkia alikuwa ameshazaa, watoto wamejipanga kwenye chuchu kama abiria wa siti za mbele, na wawili walishawekewa oda na watu wa Ikonda pale pale kwenye turubai.

Haya, zamu yenu sasa. Wewe uliyewahi kuchekwa na mtaa mzima wakati unasubiri kitu kifanye kazi, iwe dawa, mbegu au mashine, tuandikie hapo chini ilikuwaje na nani alikuwa wa kwanza kunyamaza. Na kama wewe ndo ulikuwa unacheka, njoo pia, usijifiche. Tunakusubiri kwa heshima zote.