Mume Wangu na Dawa ya Upupu

Nakumbuka mchana mmoja wa jua kali hapa Kalamba, mwanangu, baba yako alipotaka kuniponya akakaribia kujichuna ngozi.

Nilikuwa na uvimbe kwenye titi. Daktari alitaka nirudi hospitalini kesho yake, akate kinyama kidogo cha kupima, nami nilikiogopa kile kisu kuliko ugonjwa wenyewe. Basi redio ikasema watafiti wanachunguza mbegu za porini za jamii ya kunde, upupu ukiwemo. Kwamba zikishatayarishwa huenda zikapunguza nguvu za saratani. Baba yako akaizima redio kabla mtangazaji hajafika kwenye "lakini".

"Mama Mwende, kesho huendi popote. Dawa iko hapo mtoni, tena ya bure!"

Nami, kwa uoga wangu, nikafurahi.

Sasa upupu huchumwa alfajiri, umande ukiwa umelaza manyoya yake yanayowasha. Yeye alienda saa saba, upepo ukivuma, akavua shati, akalijaza maganda na kulikumbatia kama mtoto mchanga.

Alirudi mbio bila shati, mkono mmoja unakuna, mwingine unafungua mshipi. Uani akamkuta mama yangu, aliyekuja kunisindikiza hospitalini, nami nilikuwa nimeshamweleza habari ya hiyo dawa. Unajua heshima yetu Wakamba: mtu na mama mkwe wake husalimiana kwa mbali, tena akiwa amevaa. Baba yako akaruka ndani ya zizi, akachutama nyuma ya beberu.

Mama akageuza uso, akaongea na beberu.

"Wewe mbuzi, mwambie huyo jirani yako hata mimi niko na redio. Walisema ni mambo ya maabara, bado hawajajaribu kwa watu. Na hiyo mbegu tulikula wakati wa njaa: unachoma manyoya, unaloweka, unachemsha ukimwaga maji tena na tena. Kubeba tu kumemshinda, ataweza kupika?"

"Sawa, mama," beberu akajibu, kwa sauti ya baba yako.

"Na wewe msichana, kesho tunaenda. Ukikataa nakufungia humo na hao wawili."

Tulienda watatu. Muuguzi akamtazama baba yako anavyojikuna, akauliza, "Mgonjwa ni huyu?" Nilicheka hadi nikaingia chumba cha daktari nikiwa nimesahau kuogopa. Ilikuwa saratani kweli, ila bado changa. Wakaitoa, na ndiyo maana niko hapa kukusumbua.

Mwanangu, mbegu zilizopikwa na anayejua, kula ushibe. Watafiti nao nawaombea wafaulu. Lakini ukiona uvimbe, kapimwe kwanza. Mungu akupe afya, akupe mwenzi wa kukujali kama baba yako, na akujalie masikio ya kungoja "lakini".