Ya Juu, Simama

Mimi si mtu wa kuamini watu, na sioni haya kusema. Simamia chumba cha kufulia cha hospitali miaka kumi na minane, uhesabu shuka asubuhi na uzihesabu tena jioni, utajua kwamba shuka hazina miguu. Zikipungua, kuna mtu. Kwa hiyo zilipopungua saba kwa mwezi mmoja, jicho langu lilikwenda moja kwa moja kwa dereva wetu.

Kazini tulimwita Ya Juu, kwa sababu ya taa za barabarani. Kila asubuhi mimi na yeye tulipanda gari la shuka kwenda kuchukua mizigo kwenye zahanati ya upande wa pili wa mji, na njiani tulipita taa tano. Watu wengine husema nyekundu imewaka. Yeye alisema, "Ya juu hiyo, dada, tusimame." Na alisimama kweli, matairi nyuma ya mstari, siyo juu yake. Ya kati ikiwaka hakukimbizana nayo. Ya chini ikiwaka, wa nyuma wanapiga honi, yeye bado anatazama kivuko mpaka mtu wa mwisho apande ukingo wa barabara. "Aliyekwisha kuingia kivukoni ana haki ya kumaliza," alikuwa akisema. "Taa inaniruhusu kwenda, haijaniruhusu kugonga mtu." Miaka tisa, gari halina hata mkwaruzo.

Sasa mtu mwema namna hiyo ndiye mimi ninayemwogopa. Kikulacho ki nguoni mwako.

Nikaanza kumchunguza. Kwanza nikagundua hapendi kuwa wa mbele kwenye taa asiyoizoea. Hupunguza mwendo mpaka gari jingine limpite, kisha hufuata. Nikasema, huyu anakunywa. Alipokwenda chooni nikaifungua chupa yake ya chai nikainusa. Chai tupu, hata sukari haina! Kisha nikaona vifundo.

Zahanati ilifunga shuka kwenye mifuko ya rangi mbili: ya kijani kwa shuka za kawaida, myekundu kwa zenye damu na maradhi, ambazo huzigusi bila glavu. Kamba za ile myekundu zilikuwa na vifundo viwili viwili, kila siku. Nikamuuliza mhudumu wa pale nani kavitia. "Ya Juu alituomba, mama, tangu zamani." Ahaa! Alama hiyo! Mwizi hakosi alama. Nikalivalia njuga jambo lile.

Kesho yake nikavifungua vyote kimya kimya, nikarudi kukaa garini, nikawa namtazama kwenye kioo. Aliinua mfuko, akapapasa kamba, akaushusha. Akapapasa wa pili. Jasho likamtoka. Mwisho akaja dirishani kwangu.

"Dada, nisaidie. Ipi ya glavu?"

"Mwenye macho haambiwi tazama," nikamjibu.

Alivaa glavu, akaibeba yote kama ya maradhi.

Wakati wa kurudi tukakuta barabara inachimbwa. Taa za siku zote zimezimwa, wameweka nguzo ya muda yenye taa moja tu, ileile inageuka rangi. Na safari hii mbele yetu hakuna gari. Ya Juu akasimama. Taa ikawa ya kijani, hakwenda. Nyuma honi, matusi, mmoja akatoa kichwa dirishani kuuliza kama tumelala. Ya Juu akaikodolea macho ile taa, ndipo akaanza kusogea. Wakati huo imeshageuka, na mama mwenye mtoto mgongoni ameshaingia kivukoni.

"Nyekundu!" nikapiga kelele.

Akakanyaga breki. Yule mama alipiga boneti kwa kiganja, akatutukana vizuri sana, na tulistahili.

"Dada," Ya Juu akasema bila kunitazama, "hii haina juu wala chini."

Loo! Yote yakaniingia kwa mkupuo: vifundo, kusubiri kupitwa, jina lenyewe. Nyekundu na kijani kwake ni kitu kimoja. Alipoomba leseni, akanieleza, aliambiwa asome herufi ukutani, akazisoma mpaka mstari wa mwisho. Rangi hakuulizwa, naye akanyamaza.

"Ukisema, nimekwisha," akaniambia. "Kazi nyingine siijui."

"Na yule mama na mtoto wake?"

Akalia, mtu mzima wa miaka hamsini na mbili, kichwa juu ya usukani. Nikampa mpaka asubuhi: aseme mwenyewe, au niseme mimi. Asubuhi funguo za gari zilikuwa tayari mezani kwa mkuu wa usafiri. Nilimpigania nikampatia kazi kwangu, ya kukunja shuka, ambazo zote ni nyeupe. Zile saba zilionekana kabatini zahanati; walisahau kuzileta. Kwamba vifundo nilivifungua mimi, sijamwambia mpaka leo. Naona aibu.

Dereva mpya alipimwa rangi zote, akapita. Siku yake ya nne, kwenye taa ya pili, ya kati iliwaka tukiwa mbali, naye akaongeza mwendo mpaka ya juu ikatuwakia.

"Ya juu hiyo!" nikapiga kelele. "Ya juu! Ya juu!"

Akanitazama kama nimechanganyikiwa. "Nimeiona, mama. Trafiki hayupo."

Akapita. Mzee mwenye mkongojo alikuwa ameingia kivukoni, mtu wa kijani wa taa ya waenda kwa miguu akimwakia kihalali kabisa. Aliruka nyuma akaanguka chini. Nilimlazimisha dereva asimame, nikashuka.

Nilipofika chumba cha kufulia, barua ya kumshitaki dereva nilikuwa nimeshaipeleka. Ya Juu alikuwa mezani, shuka mkononi.

"Kaiona nyekundu," nikamwambia. "Kaiona vizuri kabisa, akapita."

Gari hakuliulizia, wala dereva hakumuulizia. Aliiweka shuka mezani.

"Aliyekuwa kivukoni, dada. Alimaliza kuvuka?"

"Nilimvusha mwenyewe, kaka," nikasema, na machozi yakanitoka.